Vumbi mu pochi: nani anahesabu makuta ya mufanyakazi?

Mu miezi hii, hapa Makomeno, swali moja lilirudi mara nyingi mu mikutano yetu ya sendika, na si swali la mushahara wala la buti za kazi. Kamarade mumoja anafungua simu yake, anaonyesha pochi yake ya kripto, anauliza: «Tata delege, njo nini hii? Kuko mutu alinitumia makuta. Haifike hata bei ya mukate. Simujue. Nimurudishie?» Juma lililofuata mama mumoja, bibi ya kamarade, alikuja na swali lile lile. Kisha akaja kijana wa tatu, naye aliogopa kwamba simu yake imeingiliwa.

Jibu letu ni fupi: usirudishe, usitumie, iache pale pale. Lakini sababu za jibu ni ndefu, na zinatugusa sisi wafanyakazi wa mine kuliko tunavyofikiri. Hii makuta kidogo, ambayo wenye kujua wanaiita vumbi, haitumwe ju ya huruma. Mara nyingi inatumwa ili mutu ajue wewe ni nani, uko na ngapi, na makuta yako inapita wapi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hii haba haikuje kujaza kibaba, inakuja kukihesabu.

Namna gani kripto iliingia mu nyumba zetu

Tuseme kwanza wazi: sendika haimuambie mutu yeyote anunue kripto. Wazee wetu wanakumbuka Bindo ya mwanzo wa miaka ya 1990, wakati watu waliweka akiba zao mu mchezo wa faida kubwa, kisha wakabaki mikono mitupu. Kila mara kijana anapokuja kutuambia kwamba kuko mutandao unazidisha makuta mara mbili kwa mwezi, sisi tunamujibu neno moja: Bindo.

Lakini kufunga macho hakufute kitu. Mu mashariki ya inchi yetu, Park ya Virunga inatumia tangu 2020 sehemu ya umeme wa kituo chake cha Luviro kwa kuchimba Bitcoin. Jirani wetu wa kaskazini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, iliamua mwaka 2022 kwamba Bitcoin ni makuta halali, kisha mwaka 2023 ikarudi nyuma. Na hapa Lubumbashi tunaona ku macho yetu: mwenye kuagiza mali Guangzhou ao Dubai anaombwa kulipa kwa USDT, ile kripto inayofuata bei ya dola. Mutoto aliye Ulaya anatumia mama yake USDT. Fundi wa umeme ku kampuni anapeleka kule kipande cha mushahara wake ju anaogopa franga kushuka. Hao wote si matajiri. Ni watu wetu, na wengi wao hawakuambiwa jambo moja la musingi: ile pochi haiko sanduku la chuma. Ni sanduku la kioo.

Daftari ambalo kila mutu anasoma

Wengi wanasema kripto ni siri. Hapana. Bitcoin inaandikwa mu daftari moja ya wote, blokicheni, na mutu yeyote wa dunia anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Mu ile daftari hakuna majina. Kuko adresi, yaani mufuatano murefu wa herufi na namba. Ni kama lupango isiyokuwa na jina ku mulango lakini kuta zake ni za kioo: hatujui mwenyewe ni nani, lakini tunaona kila gunia la unga linaloingia na kutoka. Siku mutu akijua lupango ni ya nani, anajua yote, ya leo na ya miaka iliyopita, ju daftari haifutwe.

Aliyeanzisha Bitcoin kwa jina la Satoshi Nakamoto alijua hatari hiyo. Mu andiko lake la mwaka 2008 alishauri mutu atumie adresi mupya kwa kila malipo, ili malipo yake yasiunganishwe. Na alikubali pale pale kwamba kuko uhusiano ambao hauwezi kufichika: wakati mutu analipa kwa kuunganisha makuta iliyotoka ku adresi mbalimbali, kila mutu anaona kwamba mwenyewe ni mumoja.

Tueleze hilo kwa lugha ya kambisti wetu wa pa barabara. Mu pochi ya Bitcoin makuta haikae kama maji mu ndoo. Inakaa vipande vipande, kama noti. Ulipokea kipande kimoja kwa ndugu, kingine kwa muteja wa bibi yako, kingine ulinunua mwenyewe. Kila kipande kinaweza kuwa ku adresi yake, na mutu wa inje hajui kwamba adresi zote tatu ni zako. Siku unataka kulipa kitu kikubwa, kipande kimoja hakitoshe, na pochi yenyewe inaunganisha viwili ao vitatu. Pale njo siri inavunjika: daftari inaandika kwamba adresi hizo zilifungua mulango pamoja.

Sasa tuweke vumbi. Mutu anajua adresi yako moja, anataka kujua zingine. Anatuma ku ile adresi kipande kidogo sana. Bitcoin moja inagawanyika mu satoshi 100,000,000, na vumbi mara nyingi inakuwa satoshi 546, ju ku adresi za aina ya kwanza chini ya pale mutandao unaona kwamba kipande ni kidogo mno na haukipitishe. Pochi yako inapokea bila kukuuliza. Kisha mwenye kutuma anangojea. Siku pochi itachukua kile kipande na kukitia pamoja na vingine kwa kulipa, yeye anaona adresi zako zingine zinatokea kwa mustari. Hakuiba kitu. Hakuingia mu simu. Wewe mwenyewe ulimuonyesha.

Kila mutu wa Lubumbashi anajua namna kambisti anavyoangalia noti ya dola. Kapasuko kadogo, alama kidogo ya wino, anakurudishia. Vumbi ni noti yenye alama. Tofauti ni kwamba hapa alama haipunguze bei ya noti, inafuata mwenye noti.

Sisi wa Katanga tusishangae sana. Babu zetu, wale waliokula mukuba, walijua kutafuta shaba kabla ya mashini yoyote. Kuko ua dogo linaloota pale udongo uko na mukuba, na wazungu wa jeoloji walikuja kujifunza kulisoma pia. Ua lenyewe halina bei. Bei iko chini yake. Anayetuma vumbi mu pochi anafanya kazi ya mutafuta mawe: anaweka kitu kidogo ju ya udongo, anaangalia mushipa unaelekea wapi.

Haikuanza jana

Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha California pale San Diego walionyesha kwamba kwa kufuata adresi zinazolipa pamoja, inawezekana kukusanya adresi nyingi mu mikono ya mwenyewe mumoja. Njia hiyo leo ni kazi ya kampuni kubwa, kama Chainalysis, ambazo zinauzia serikali na masoko ya kripto uwezo wa kufuata njia ya makuta.

Mwezi wa kumi 2018, waliotengeneza pochi ya Samourai waliwaonya watu kwamba vumbi ilikuwa inaingia mu pochi za Bitcoin, na wakaweka mu programu yao kidude cha kusema: kipande hiki kisitumike. Mwezi wa munane 2019, soko la Binance lilitangaza kwamba vumbi imetumwa ku watu wa Litecoin, na hesabu iliyofanywa baadaye ilifika karibu adresi 300,000. Mwenye kuituma alijitokeza, akasema yeye alitaka tu kutangaza kazi yake ya kuchimba Litecoin. Tukubali kwamba alisema kweli. Haibadilishe kitu. Vumbi ikishamwagika, mutu mwingine yeyote aliye na subira anaweza kukaa kando ya barabara na kuangalia inakwenda wapi.

Mwezi wa munane 2022 tuliona sura nyingine. Serikali ya Marekani ilikuwa imeweka vikwazo ju ya Tornado Cash, programu ya kuchanganya makuta ya kripto. Mara moja mutu asiyejulikana akatuma kupitia pale ether 0.1 kwa watu wenye majina makubwa, kama Jimmy Fallon wa televisheni na Shaquille O'Neal wa basiketi. Hawakuomba kitu, lakini sasa adresi zao zilikuwa zimeguswa na makuta iliyokatazwa. Mwezi uliofuata, wizara ya makuta ya Marekani ililazimika kueleza kwamba kuwafuata watu waliotumiwa vumbi namna hiyo si kazi yake ya kwanza. Ile vikwazo iliondolewa mwezi wa tatu 2025. Somo linabaki: mu pochi ya kioo, mutu anaweza kukutia doa bila wewe kufungua mulango.

Ku Tron mutego ni mwingine

Hapa tuwe waangalifu, ju wengi wanachanganya. Watu wetu wengi hawana Bitcoin. Wako na USDT ku mutandao wa Tron, adresi yake inaanza na herufi T. Kule makuta haikae vipande vipande. Inakaa kama hesabu moja ku adresi moja, na kwa hivi vumbi haiunganishe adresi zako kwa namna tuliyoeleza. Lakini usifurahi haraka. Ju ya kutumia adresi moja kila siku, historia yako yote iko tayari mu sahani moja: mushahara, deni, nyumba ya kupanga, muchango wa matanga.

Na vumbi ya kule inakuja na mitego miwili. Mutego wa kwanza: unapokea kikripto chenye jina zuri, ao maneno yanayosema umeshinda zawadi, bonyeza hapa. Ukibonyeza, unapelekwa pahali pa kuombwa ruhusa ao maneno ya siri, na pochi inakaushwa. Mutego wa pili ni wa akili zaidi. Mwizi anatengeneza adresi inayofanana na ya mutu unayemulipa kila mara: herufi za mwanzo sawa, herufi za mwisho sawa, katikati tofauti. Anakutumia vumbi kutoka pale ili ile adresi ikae mu historia yako. Siku una haraka, umeme wa SNEL umekatika na simu iko na betri kidogo, unakopi adresi ya ju bila kusoma katikati. Makuta imekwenda.

Usiseme hiyo ni ya wasiosoma. Mwezi wa tano 2024, mutu mumoja aliyekuwa na utajiri mukubwa wa kripto alituma namna hiyo Bitcoin 1,155 za mutandao wa Ethereum, bei yake karibu dola milioni 68, ku adresi ya mwizi. Yeye alikuwa na bahati: dunia yote ilikuwa inaangalia, mwizi akaogopa, akarudisha sehemu kubwa. Mwizi wa dola 300 za fundi wa Lubumbashi, nani atamuangalia?

Yaliyotupata sisi

Hatusemi haya ju tumesoma tu. Yalitupata, na kosa lilikuwa letu.

Wakati wa mabishano moja ya mushahara, sisi wa sendika tuliamua kukusanya muchango kwa ajili ya kamarade waliosimamishwa kazi. Wengine walileta franga ku mukono, wengine kwa simu, na wale waliokuwa na kripto walisema: tuwekeeni adresi. Tulitengeneza adresi moja, tukaiandika mu kikundi cha WhatsApp chenye watu wengi, na tukajisifu. Tulisema: hii njo uwazi, kila memba ataona sanduku. Hatukufikiri kwamba asiyekuwa memba pia ataona.

Mutunza sanduku wetu, mutu mwaminifu, alikuwa na pochi moja tu. Mu ile pochi kulikuwa adresi ya muchango na adresi zake mwenyewe, akiba ya kumalizia nyumba. Vumbi iliingia ku adresi ya muchango, mara mbili. Tuliiona, tukacheka. Kisha mutoto wa kamarade akalazwa, tukaomba mutunza sanduku alipe haraka usiku ule. Pochi ikaunganisha kila kitu: muchango, vumbi, na akiba yake. Kiasi kilitoka sawasawa, hesabu yetu ku karatasi ilikuwa sawasawa. Lakini mu daftari ya wote, sanduku la sendika na nyumba ya yaya wetu vilikuwa vimeandikwa kwa mukono mumoja.

Juma mbili baadaye, mu mazungumzo na mwajiri, mutu wa upande wa pili alitaja kiasi tulichobaki nacho, karibu bila kukosea, na akaongeza kwamba hatuwezi kushikilia hata siku kumi. Kisha ku kikundi chetu maneno yakaanza: mbona mutunza sanduku ako na makuta mingi, alitoa wapi? Mutu aliyetumika miaka mingi bila doa alilazimika kuleta karatasi za akiba yake mbele ya watu. Hatuna ushahidi kwamba ile hesabu ilitoka ku vumbi. Pengine mutu wa kikundi alizungumza tu. Lakini hatukuwa na lazima ya kutafuta musaliti: sisi wenyewe tulikuwa tumeweka sanduku letu mu kioo, na tukamuweka kamarade wetu ndani.

Nani anatafuta nini

Wanaotuma vumbi hawako sawa. Kuko wanaotangaza biashara. Kuko wezi wa mutandao. Kuko wanaofuata njia ya makuta kwa kazi ya uchunguzi. Na kuko wanaotafuta mutu wa kushika. Wa mwisho njo wanatutia hofu.

Mwaka 2020, kampuni ya Ufaransa Ledger, inayouza vyombo vya kulinda kripto, iliibiwa orodha ya wateja wake, na mwezi wa kumi na mbili ule orodha ilimwagwa inje: majina, namba za simu na adresi za nyumba za watu zaidi ya 270,000. Mwezi wa kwanza 2025, mumoja wa walioanzisha kampuni hiyo alitekwa nyumbani kwake Ufaransa, wakamukata kidole ili walipwe kwa kripto. Mwezi wa tano mwaka ule ule, karibu na Kampala, mwanzilishi wa kampuni moja ya kripto alisema alikamatwa na watu wenye silaha na kulazimishwa kufungua pochi zake. Hatusemi vumbi ilisababisha hayo. Tunasema hivi: makuta inayojulikana pamoja na jina na mulango wa nyumba ni hatari, na vumbi ni chombo kimoja cha kufikisha mutu ku jina na mulango.

Watu wa Lubumbashi hawahitaji mufano wa Ufaransa. Mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka mu ile mupango ya kuondoka kwa hiari, kila mumoja na bahasha yake. Muji mzima ulijua nani ataitwa siku gani. Wauza pikipiki walijua, wakopeshaji walijua, ndugu wa mbali walijua, wezi walijua. Kujulikana kwa makuta ya mufanyakazi kulikuwa tayari nusu ya kuipoteza.

«Anayeficha ako na kosa»

Tunasikia mara nyingi neno hili, hata kwa wakubwa. Tulijibu. Inchi yetu iko tangu mwezi wa kumi 2022 ku orodha ya GAFI ya inchi zinazofuatiliwa ju ya makuta chafu, na mwisho wa mwaka ule sheria mupya ya kupinga kusafisha makuta ilitoka. Hatupingi. Makuta ya ufisadi na ya silaha ifuatwe, na sisi wa mine ni wa kwanza kusema hivyo, ju madini yetu njo mara nyingi inaibiwa.

Lakini kutunza siri ya mushahara si kusafisha makuta. Karatasi ya malipo inapewa mutu mukono kwa mukono. Banki haipashwe kumuambia jirani yako uko na ngapi. Sheria ya kidijitali ya inchi yetu, Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, iliweka kanuni za kulinda habari za mutu binafsi. Jaji akiomba hesabu, sendika itaionyesha. Mwajiri hana haki hiyo, na mwizi hana hata kidogo. Tofauti kati ya kujibu sheria na kukaa uchi barabarani, kila mutu mukubwa anaielewa.

Ni kwa sababu hiyo hatushauri mutu kukimbilia programu za kuchanganya makuta. Nyingine ziliingia mu kesi kubwa, na makuta iliyopita pale inaweza kukataliwa ku soko. Kwa mufanyakazi, ulinzi wa kutosha uko mu desturi ndogo.

Tufanye nini

Ya kwanza: vumbi ikiingia, usiiguse. Usirudishe hata kama moyo wako wa uaminifu unakusukuma. Kurudisha ni kuitumia, unalipa gharama ya mutandao, na unamuambia mwenye kutuma kwamba adresi iko na mutu macho. Kukaa pale haikudhuru.

Ya pili, kwa wenye Bitcoin: tumia pochi inayokuachia kuchagua vipande kwa mukono. Electrum na Sparrow zinakubali kugandisha kipande, yaani kukifunga kisitoke bila amri yako. Bitcoin Core nayo iko na namna ya kukwepa vipande vya adresi iliyokwisha kutumika. Gandisha, andika kando yake neno «vumbi», sahau.

Ya tatu: adresi mupya kwa kila anayekulipa. Pochi nyingi za Bitcoin zinafanya hivyo zenyewe, usizizuie kwa kukopi ya zamani.

Ya ine: sanduku la watu na makuta ya nyumbani visikae mu pochi moja, hata siku moja. Pochi mbili, maneno ya siri mbalimbali, na ya sanduku isiwe mu kichwa cha mutu mumoja tu. Sisi tulichelewa kufanya hivyo.

Ya tano: adresi yako usiiweke pamoja na jina na picha mu vikundi. Picha ya pochi yenye kiasi, hata kwa kujivunia, ni kuandika ku ukuta wa lupango.

Ya sita, kwa wa USDT: usichukue adresi mu historia. Iombe kwa mwenyewe ao itoe mu kitabu cha majina cha pochi. Soma herufi zote, za katikati pia. Malipo makubwa yatanguliwe na kidogo cha kujaribu, kisha piga simu usikie sauti: ilifika? Kikripto usichokijua, kifiche, usibonyeze maneno yake.

Ya saba: kama vumbi ilikwisha kuunganishwa, usilie. Chukulia kwamba zile adresi zinajulikana. Makuta itakayokuja iingie mu pochi mupya, na usirudi kuichanganya na ya zamani.

Ya mwisho: hakuna mutu wa kusafisha vumbi. Atakayekuja kukuambia «nipe yale maneno 12 ao 24 nikuondolee», huyo njo mwizi mwenyewe. Hata delege wako asiyaone.

Uwazi kwa nani?

Baada ya yale yaliyotupata, tulirudisha sanduku letu ku daftari ya karatasi. Kila mwisho wa mwezi inasomwa mbele ya memba, mustari kwa mustari, mulango ukiwa umefungwa, na watu watatu wanatia sahihi. Wengine wanatucheka, wanasema tulirudi nyuma. Sisi hatuone hivyo. Memba yuko na haki ya kujua kila franga. Mwajiri anayetaka kujua tutavumilia siku ngapi hana haki hiyo. Kripto ilituuzia uwazi kwa wote, nasi tulikuwa tunahitaji uwazi kwa wetu.

Tunaomba sendika zingine za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waweke hili ku meza kabla halijawapata: nani anatunza sanduku, ku pochi gani, na nani anaona. Na tunaomba wenye kuandika kanuni za kripto Kinshasa, siku watakapoketi, wasifikiri tu ju ya kodi na makuta chafu. Wafikiri pia ju ya mufanyakazi mwenye dola 200 mu simu, ambaye hana wakili wala mulinzi.

Ule kamarade wa kwanza alirudi kutuuliza juzi: «Sasa, tata, ile vumbi itakaa paka lini?» Tulimujibu: itakaa, na wewe uiache ikae. Ku kazi tunavaa kinga ya pua ju ya vumbi tusiyoiona, na hakuna anayemucheka mwenzake. Ku simu vilevile.